Funga Kwanza, Ndipo Ufungue: Kamba na Vyombo vya Mkwezi

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya kazi ambayo wengi wetu twaiona kila siku na wachache huifikiri, nayo ni kazi ya kukwea miti kwa ujira. Yuko mkwezi wa minazi, yuko mchuma karafuu, yuko na yule tumwitaye aje kupunguza matawi ya mwembe ulioinamia nyumba. Twala nazi aliyoiangua, twalala salama chini ya paa aliloliepusha na tawi bovu. Lakini alipandaje, na ni kitu gani kilichomshika huko juu, hatuulizi mpaka siku ya kilio.

Mimi si mkwezi. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu. Niliingia katika elimu hii kwa mlango wa majuto, na kwa kuwa mlango huo ndio ulionifunza, yafaa nianze hapo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja niliyokuwa nikifundisha, palikuwa na mwembe mkubwa uliofunika paa la darasa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na baadhi ya matawi yalikuwa yamekauka. Tukamwita mkwezi, mtu mzima mwenye sifa njema, tukapatana ujira. Akaniuliza, "Mwalimu, kamba mnayo?" Nikaenda ghalani nikamletea kamba ya katani tuliyokuwa tukifungia mizigo. Sikuitazama, wala sikumwuliza ataitumiaje. Nilichouliza ni kazi itakwisha lini. Akapanda, akajifunga kamba kiunoni, akaifunga na tawi la juu yake, akaanza kukata. Alikata matawi matatu bila taabu. Kisha alitaka kuvuka aende upande wa pili, na kamba ilizuiwa na tawi lililokuwa katikati. Akaifungua, ili avuke kwanza halafu aifunge tena. Kati ya kufungua na kufunga, mguu uliteleza juu ya gome lililolowa, naye akaanguka.

Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mgongo uliumia, na tangu siku ile hasimami. Watu walikusanyika wakasema, "Ajali haina kinga." Nami nikasema vivyo hivyo, maana ni neno la kujifariji. Jioni, watu walipokwisha kwenda zao, nikarudi chini ya mwembe, nikainua macho, nikaiona kamba yangu ingali ikining'inia tawini. Haikukatika. Ilikuwa nzima kama nilivyoitoa ghalani, ila kwenye ncha yake hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuwauliza wajuao, na kusoma, na kuwatazama mafundi wakwea miti katika kazi yao. Nimeona ya kuwa elimu yote ya kamba, vyuma na mafundo imejengwa juu ya neno moja fupi: funga kwanza, ndipo ufungue. Mengine yote ni maelezo ya neno hilo.

Tufikiri kwanza juu ya kuanguka kwenyewe. Mtu aangukaye kutoka urefu wa mita 10, ambao si mrefu kwa mwembe au mnazi, hufika chini kwa muda upungufu wa sekunde moja na nusu, naye hugonga ardhi kwa mwendo wa kilometa 50 hivi kwa saa, kama mtu aliyegongwa na motokaa. Katika muda huo hapana awezaye kukumbuka fundo wala kushika tawi. Kwa hiyo kinga yoyote isiyokuwapo kabla mguu haujateleza, haipo kabisa.

Wazee wetu walikuwa na vyombo vyao, wala sipendi mtu avidharau. Mkwezi wa pwani hufunga miguuni kitanzi cha kamba kikamsaidia kulibana shina. Na minazi mingi hukatwa mapengo ya kutia mguu, yaitwayo vidato. Sisi walimu twalitumia neno hilo kila siku, maana kidato cha shule kimepata jina lake katika kidato cha mnazi: hatua ya kumpandisha mtu juu. Lakini tazameni vizuri tofauti iliyopo. Kitanzi cha miguuni na kidato ni vyombo vya kupandia. Humsaidia mtu kwenda juu. Havimshiki mikono inapochoka. Mkwezi mwenye vyombo vya kupandia peke yake ameuweka uhai wake wote katika vidole vyake. Fundi wa leo hutaka vyombo vya namna mbili: vya kupandia, na vya kumshikilia, na kama hana budi kuchagua, vya kumshikilia ndivyo vitangulie.

Sasa tuitazame kamba. Zamani kamba zilisokotwa kwa nyuzi za mimea: makumbi ya nazi, na katani, ambayo Dk. Richard Hindorf aliileta katika nchi iitwayo sasa Tanzania mwaka 1893. Kamba hizi ni njema kwa kufunga mizigo na kuteka maji. Lakini kwa uhai wa mtu zina aibu moja kubwa: zikipata unyevu huoza toka ndani, na nje zikaonekana nzima. Mwaka 1938 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitangaza uzi mpya uitwao nailoni, na baadaye ukaja uzi wa poliesta. Nyuzi hizi haziozi kwa maji, na nguvu zao zapita za katani. Tena mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ilitengeneza kamba ya namna mpya, yenye sehemu mbili: kiini cha nyuzi nyingi ndani, ambacho ndicho kibebacho sehemu kubwa ya uzito, na ala iliyofumwa nje kukilinda na misuguano. Kamba nyingi za wakwea miti wa leo zafuata mfano huo.

Walakini si kila kamba ya nailoni yafaa mtini, na hapa wengi hukosea. Anayepanda majabali hutumia kamba inyumbukayo sana, kwa sababu yeye hupanda juu ya kamba yake. Akiteleza huanguka kwanza, kisha kamba humdaka polepole kwa kurefuka, asivunjike viungo. Mkwea miti kazi yake ni nyingine. Yeye hukaa katika kamba kama mtu akaaye kitini, naye hufanya kazi kwa mikono miwili. Kamba yake sharti itoke juu yake, ikazwe wakati wote, isinyumbuke sana, la sivyo atakuwa akipanda na kushuka kama mtoto katika bembea huku ameshika msumeno. Basi kamba ya mkwea miti haikuwekwa ili kumdaka aangukapo. Imewekwa ili kumshika asianguke. Akiacha kamba ilegee, kisha akateleza, kamba hiyo isiyonyumbuka itamkatiza kwa kishindo kiwezacho kumvunja mifupa.

Kwa sababu hiyo anunuaye na asome kibandiko. Kipimo cha Ulaya kwa kamba zisizonyumbuka sana huitwa EN 1891, na aina A ndiyo ya kuchagua. Kamba ya aina hiyo hairuhusiwi kurefuka zaidi ya asilimia 5 uzito unapoongezwa kutoka kilo 50 hata kilo 150, na sharti ihimili nguvu zilizo sawa na uzito wa kilo 2,200 hivi kabla ya kukatika. Labda mtu atauliza, mkwezi mwenye kilo 80 ana haja gani na kamba ya kilo 2,200? Jibu ni kwamba nguvu za kamba hupungua njiani. Fundo peke yake laweza kuondoa theluthi ya nguvu zake. Jua huondoa, mchanga huondoa, umri huondoa, na mtu ajirushaye huku na huku huongeza uzito wake. Ile ziada si anasa, bali ni akiba ya siku mbaya.

Unene ufaao ni kati ya milimita 11 na 13, kwa kuwa kamba nyembamba zaidi haishikiki vizuri mkononi. Urefu nao ufikiriwe kabla ya kupanda. Kwa njia ya kamba ya kukunja, nitakayoieleza hivi punde, mti wenye panda katika mita 20 hutaka kamba ipatayo mita 45. Na katika ncha ya kamba lifungwe fundo kubwa, maana wako watu walioshuka wakafika mwisho wa kamba kabla ya kufika chini, na kamba ikawaponyoka.

Baada ya kamba huja mkanda. Kujifunga kamba kiunoni, kama alivyofanya yule mkwezi wetu, ni hatari hata kamba isipokatika, kwa sababu uzito wote hukaba tumbo na mbavu, na pumzi hukatika. Mkanda wa kweli ni ule wa kukalia, wenye utepe mpana kiunoni na tepe mbili mapajani, ili uzito ukae mapajani kama mtu aliyeketi. Vipimo vyake ni EN 813 na EN 358. Mtu aujaribu karibu na ardhi, akining'inia robo saa. Ukimwumiza hapo, juu utamwumiza zaidi.

Mkanda na kamba huunganishwa kwa karabina, yaani pete ya chuma au ya alumini yenye mlango. Chagua ile ambayo mlango wake hujifunga wenyewe, na ambayo haifunguki ila kwa vitendo vitatu vya mkono, kama vile kusukuma, kuzungusha, kisha kubonyeza. Kwa sababu mlango mwepesi waweza kufunguliwa na kitawi kidogo kinachoupapasa. Tena karabina ina nguvu zake kamili ikivutwa kwa urefu wake. Ikilala kingamo, nguvu hizo hupungua sana.

Kisha iko kamba fupi, ambayo machoni pangu ndiyo iliyopungua siku ile. Hii ina urefu wa mita tatu au nne. Hutoka upande mmoja wa mkanda, huzunguka shina, hurudi upande wa pili, nayo huweza kufupishwa na kurefushwa. Kazi yake ni mbili: kumtuliza mkwezi mahali pake anapokata, na kumshika anapohamisha kamba kubwa. Mwisho ni kofia ngumu yenye utepe wa kidevuni, kwa ajili ya matawi yaangukayo juu ya kichwa, na kwa ajili ya kichwa kikigonga shina.

Sasa vyombo tunavyo, tupande. Fundi hapandi kwanza akaenda na kamba. Kamba ndiyo itanguliayo. Hutwaa ugwe mwembamba uliofungwa kifuko kidogo cha risasi, chenye uzito wa gramu 300 au 400 hivi, akautupa upite juu ya panda aliyoichagua. Kifuko kikishuka upande wa pili, hufunga kamba kubwa katika ugwe akaivuta juu. Lakini kabla ya kutupa huuzunguka mti akiutazama toka mizizini hata kileleni. Je, pana uyoga shinani? Pana tundu, pana chungu watokao na unga wa mti, pana ufa, gome limebambuka? Panda yafaa iwe ya mti mbichi, karibu na shina, yenye unene wa inchi nne au zaidi. Kamba ikiwa mahali pake, mkwezi na msaidizi wake huishika pamoja wakaielemea kwa uzito wao wote, wakiwa wangali chini. Panda ihimiliyo watu wawili kwa mtikiso itamwamini mmoja; na kama itavunjika, heri ivunjike hapo.

Njia za kupanda kwa kamba ni mbili. Ya kwanza ni kamba ya kukunja. Kamba hupita juu ya panda, ncha moja hufungwa katika mkanda, na upande wa pili hushikwa na fundo la msuguano lililofungwa katika mkanda uo huo. Hivyo mtu amening'inia kwa nyuzi mbili, kila moja ikibeba karibu nusu ya uzito wake. Kwa hiyo kujivuta ni rahisi, ila kwa kila mita moja ya kupanda hana budi kuvuta mita mbili za kamba. Waliofanya kazi katika majahazi watakumbuka kapi. Na kwa kuwa kamba hukimbia juu ya panda, fundi huweka hapo utepe wenye pete mbili, kamba ipite petani. Bila hivyo gome la mti hukwanguka na kamba huchakaa.

Ya pili ni kamba moja isiyokimbia. Kamba hutulia, na mtu hupanda juu yake kwa vyombo viishikavyo. Njia hii haichoshi katika miti mirefu. Lakini ina siri moja ambayo yapasa kila mtu aijue. Wengi huipitisha kamba juu ya panda kisha wakaifunga chini shinani. Mfano wake ni huu: mtu ashikiliaye ndoo ya kilo 20 kwa kamba ipitayo juu ya kapi, boriti ya kapi hubeba kilo 40 hivi, yaani 20 za ndoo na 20 za mkono unaovuta. Vivyo hivyo, mkwezi wa kilo 80 akifunga kamba shinani, panda itabeba karibu kilo 160. Panda iliyotosha kwa njia ya kwanza yaweza isitoshe kwa njia ya pili.

Nimetaja fundo la msuguano. Mwaka 1931 Karl Prusik, mtu wa Austria, alilieleza fundo lenye jina lake: kitanzi cha kamba nyembamba huzungushwa mara tatu juu ya kamba nene. Likisukumwa kwa mkono huteleza. Likielemewa na uzito hukaza likashika. Wakwea miti wanayo mengine ya jamaa hiyo. Mafundo hayafundishwi kwa sikio, wala sitajaribu kuyafunga katika redio. Mwanafunzi na aketi mbele ya fundi, afunge na kufungua mara mia karibu na ardhi, hata mikono ijue yenyewe. Ila neno moja niliseme: fundo hili lachukia mbio. Ashukaye upesi hulitia joto la msuguano, na nailoni huyeyuka kwa joto. Shuka polepole, kama mtu mwenye akili.

Tumefika mahali alipoangukia yule mkwezi: mahali pa kuvuka tawi. Sikilizeni utaratibu wake. Kwanza, kabla ya kugusa kamba kubwa, azungushe kamba fupi katika shina, aifunge, kisha akae juu yake kwa uzito wake wote aone kwamba yamshika. Pili, ndipo afungue kamba kubwa, aivushe tawi, aifunge upande wa pili. Tatu, aielemee kamba kubwa aijaribu. Nne, ndipo afungue ile fupi. Kazi hii yachukua dakika mbili au tatu. Yule mtu alitaka kuokoa dakika hizo, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba hazikuwa zake kuziokoa. Tangu mguu utokapo ardhini hata urudipo, pasiwe na nukta moja ambayo mtu hakufungwa.

Tena wakati wa kukata, fundi hutaka vifungo viwili, kamba kubwa na kamba fupi, hasa akiwa na msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso. Sababu yake ni rahisi: msumeno haujui kuchagua baina ya tawi na kamba. Ikikatwa moja, ya pili ibaki. Wako pia wavaao miguuni miiba ya chuma ya kupigia shina. Hiyo ni kwa mti utakaoangushwa tu. Mti unaotakiwa kuishi, kila pigo ni kidonda cha kuingizia maradhi.

Labda msikilizaji wa pwani asema, "Mwalimu, mnazi hauna panda, utatupa ugwe wapi?" Ndivyo. Makuti si mahali pa kufungia uhai. Katika mnazi kamba fupi ndiyo bwana: huzungushwa shinani tangu chini, mkwezi akipanda huisogeza juu. Lakini kamba izungukayo shina tu yaweza kuteleza pamoja naye hata chini. Kwa hiyo iwe na kitanzi kikazacho shina kila inapoelemewa, na akifika kileleni afunge ya pili kabla ya kuivusha ya kwanza. Kule India, wakwezi walipopungua, Halmashauri ya Ustawi wa Minazi ilianza mwaka 2011 kuwafundisha vijana kukwea kwa chombo chenye vipande viwili vya chuma, kila kimoja na waya uzungukao shina. Mtu husimama juu yake, uzito wake hukaza waya, naye hupandisha mguu mmoja baada ya mwingine. Ni chombo chema, lakini nacho ni cha kupandia; mkanda na kamba havimwachi. Na mgema, apandaye asubuhi na jioni, ndiye mwenye haja nacho kuliko wote, maana ahesabuye kupanda kwake kwa mwaka ataona ni mara nyingi mno za kutegemea vidole.

Kwa mikarafuu ya Unguja na Pemba shida ni nyingine. Matawi yake huvunjika upesi, na vikonyo vya karafuu huwa nchani, mahali ambapo tawi ni jembamba. Hapo tamaa humwita mchumaji aende mbele hatua moja zaidi. Dawa yake ni kubaki karibu na shina, kamba ikiwa imefungwa juu shinani, na kuileta ncha ya tawi kwa upembo, yaani kijiti chenye kulabu, badala ya kuifuata kwa mguu.

Yamebaki maneno machache ya utunzaji. Kamba ipitishwe mikononi inchi kwa inchi kabla ya kila kazi. Mahali palipo laini kuliko pengine, au pagumu, au palipong'aa kwa joto, au ala iliyochanika, ni sababu ya kuiacha. Ioshwe kwa maji safi, ikaushwe kivulini, kwa kuwa jua huila nailoni. Isiwekwe karibu na betri za motokaa, kwa kuwa asidi yake huiua kamba bila kuacha alama. Watengenezaji wengi huweka mwisho wa miaka 10, hata kwa kamba isiyotumika. Kamba iliyoachwa na ikatwe vipande, isije mtu mwingine akaiokota akaamini sura yake.

Mti wenye waya wa umeme usikwewe kabisa. Waitwe wenye umeme kwanza. Wala mtu asipande peke yake. Waswahili husema aliye juu mngoje chini, nami nalichukua neno hilo kwa maana nyingine: aliye juu sharti awe na mtu amngojaye chini, mwenye mkanda wake na kamba ya pili, ajuaye kumpandia na kumshusha. Aliyezimia akaning'inia katika mkanda bila kusogea, damu yake hukaa miguuni, naye aweza kufa akiwa hakuanguka. Kungoja watu wa mbali ni kuchelewa.

Mabwana na Mabibi, huenda wengi wenu hamtakwea mti hata siku moja. Lakini ninyi ndio mnaowaita wakwezi, na neno langu la mwisho ni lenu. Siku utakapomwita mmoja, kabla ya kuuliza bei, muulize matatu: Utajifunga kwa nini? Utakapohamisha kamba, nini kitakushika? Ukipatwa na jambo juu, nani atakushusha? Akijibu vyema, mlipe inavyostahili, wala usimharakishe. Zile dakika za kufunga kabla ya kufungua zimo katika ujira wake. Asipokuwa na jibu, acha tawi likae siku chache zaidi.

Yule mkwezi wetu humtembelea mara kwa mara. Hanilaumu, na kwa hivyo huzidi kunichoma. Safari moja nilichukua mkanda na kamba fupi, nikamwonyesha mwanawe aliyerithi kazi ya baba, naye baba akitazama kitandani. Nilipomaliza, mzee aliichukua ile kamba fupi, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena, kisha akamwambia kijana wake, "Hii ndiyo. Usiende bila hii." Ajali nyingine hazina kinga, nakubali. Lakini ile haikuwa mojawapo. Kinga yake ilikuwa mita tatu za kamba, na swali ambalo mimi sikuliuliza.